Kitabu Kilichofukiwa Ardhini: Wachunguzi wa Viumbe na Mifupa ya Tendaguru



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuiache kidogo njia yetu ya kawaida na tuingie katika historia. Kwa majuma kadhaa tumekuwa tukisoma habari za wachunguzi wa viumbe walioishi Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hadi 1901, na hasa habari za nadharia yao iliyotikisa dunia, yaani mageuko ya viumbe. Tumevutwa na masomo hayo kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wa sekondari, hapa Nachingwea na kule Ruangwa, hukutana na nadharia hiyo darasani katika somo la biolojia, kisha hurudi nyumbani na swali ambalo wengi hawathubutu kulitamka: je, nikiyakubali haya ya mwalimu, nimeikana imani ya wazazi wangu? Pili, kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyotambua kwamba historia hii, ambayo husimuliwa kana kwamba ni ya Wazungu peke yao, ina kurasa zilizotoka katika ardhi yetu ya Kusini, na kurasa hizo zilibebwa vichwani mwa babu zetu.

Tuanze na mtu ambaye jina lake linajulikana kuliko mengine. Charles Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury. Baba yake, aliyekuwa daktari, alimpeleka Edinburgh kusomea uganga. Kijana hakuweza kuvumilia kuona damu, akaacha. Akapelekwa Cambridge kwa nia ya kuwa mchungaji katika Kanisa la Kianglikana. Wengi husahau jambo hili: mtu anayedhaniwa kuwa adui wa dini aliandaliwa awe mtumishi wa parokia, na mwalimu aliyemfundisha kupenda mimea, John Henslow, alikuwa padre wa Kianglikana. Ni Henslow huyo aliyempendekeza kwa safari ya meli ya Beagle, iliyong'oa nanga mwezi Desemba 1831 na kurudi mwezi Oktoba 1836. Katika safari hiyo Darwin hakufika pwani yetu. Alipokaribia sana alikuwa Mauritius na Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1836, akiwa njiani kurudi kwao.

Aliporudi hakukimbilia kutoa kitabu. Alikaa miaka zaidi ya 20 akikusanya ushahidi, akiwauliza wafuga njiwa na wakulima jinsi wanavyochagua mbegu na wazazi wa mifugo yao. Tangu mwaka 1846 hadi 1854, yaani miaka minane mizima, alichunguza wanyama wadogo wa baharini wenye magamba, wale wanaong'ang'ania miamba na matumbo ya majahazi. Mtu ambaye yu tayari kutumia miaka minane kwa viumbe wasiozidi ukucha kabla ya kusema neno juu ya viumbe vyote, huyo ana uvumilivu ambao sisi tunaohubiri kila Jumapili twapaswa kuuonea wivu.

Na nadharia yenyewe inasema nini? Mkulima wa Ruangwa hahitaji maneno magumu ili aielewe. Kila mwaka, kabla ya kupura mtama, yeye huchagua masuke yaliyo bora na kuyatunza juu ya jiko kwa ajili ya mbegu. Akifanya hivyo miaka mingi, mtama wa shamba lake unabadilika. Hauwi tena ule aliorithi. Darwin aliuliza: je, katika pori lisilo na mkulima, ni nani anayechagua? Akajibu kwamba uhai wenyewe huchagua. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kupata chakula. Watoto hao hawafanani kabisa. Wale ambao tofauti zao zinawasaidia kuepuka njaa, ukame, maradhi na adui huishi na kuzaa, nao huwarithisha watoto wao tofauti hizo. Ukiyapa mambo haya muda mrefu sana, utaona aina mpya za viumbe zikitokea katika aina za zamani. Huo ndio uteuzi wa asili.

Darwin hakuwa peke yake katika wazo hili. Alfred Russel Wallace, aliyezaliwa mwaka 1823 huko Wales, alitoka katika familia iliyofilisika, akaacha shule akiwa na umri wa miaka kama 14. Aliishi kwa kukusanya ndege na wadudu na kuwauzia matajiri. Mwaka 1852, akirudi kutoka Amazon, meli yake iliungua katikati ya bahari, na karibu jasho lake lote la miaka minne likateketea mbele ya macho yake. Hakukata tamaa. Alikwenda katika visiwa vya Wamalay, akakaa huko tangu 1854 hadi 1862, akakusanya vielelezo zaidi ya 125,000. Mwanzoni mwa mwaka 1858, akiwa anatetemeka kwa homa katika visiwa vya Maluku, aliliona wazo lile lile la uteuzi wa asili, akaliandika na kulituma kwa Darwin. Fikirini, wapendwa, hali ya Darwin alipoifungua barua ile na kuikuta kazi yake ya miaka 20 imeandikwa na mtu mwingine.

Rafiki zake waliamua kwamba maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mbele ya Chama cha Linnaeus mjini London, tarehe 1 Julai 1858. Wenyewe hawakuwepo. Wallace alikuwa mbali ng'ambo ya bahari. Darwin siku hiyo alikuwa anamzika mtoto wake mchanga aliyefariki siku chache kabla. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Novemba 1859, kitabu cha Darwin juu ya asili ya aina za viumbe kilitoka. Wallace hakudai hata siku moja kwamba ameibiwa. Aliendelea kumheshimu mwenzake hadi mwisho. Katika dunia ambayo watu hugombania sifa kama fisi juu ya mzoga, urafiki huu nao ni somo.

Wahenga wetu husema: usione vyaelea, vimeundwa. Vitabu vya wachunguzi hawa navyo viliundwa, na waliounda hawakuwa wale tu walioandikwa kwenye majalada. Pale Edinburgh, Darwin alifundishwa kuhifadhi ngozi za ndege na John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa mtumwa kisha akapata uhuru. Bila ustadi huo ndege wa Beagle wangeoza njiani. Wallace alisaidiwa miaka mingi na kijana wa Sarawak aitwaye Ali, aliyewinda na kuchuna ndege wengi wa mkusanyo ule maarufu. Hao ni wawili tu wanaojulikana kwa majina. Walikuwapo wapika chakula, wapiga makasia, waongoza njia na wabeba mizigo ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Sasa tusogee karibu na kwetu. Mwaka 1862, David Livingstone na John Kirk walipanda Mto Ruvuma kwa mashua wakitafuta njia ya kuingia bara. Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea. Baadaye alikaa Zanzibar kama balozi mdogo wa Uingereza, na jina lake la kisayansi amelibeba hadi leo kima punju wa Unguja. Lakini huyo huyo mkusanya mimea ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza katika mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash aliutia saini na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Misafara iliyowapeleka watumwa Kilwa Kivinje ilikuwa imekatiza katika nchi hii ya Kusini kwa miaka mingi. Tunalitaja hili ili tukumbuke kwamba wachunguzi wale walitembea katika nchi yenye majeraha, na elimu yao iliingia kwetu pamoja na bendera, bunduki na mikataba.

Majeraha makubwa zaidi yalikuja baadaye. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi na kuenea kote Kusini. Misheni ya Nyangao iliteketezwa kwa moto mwezi Agosti mwaka huo, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake wanne alipokuwa safarini katika nchi ya Liwale. Jeshi la Wajerumani nalo likajibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na baada ya risasi ikaja njaa. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Nchi iliyokuwa na watu ikageuka pori.

Katika nchi hiyo iliyokuwa bado inaomboleza ndipo ilipogunduliwa mifupa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliyeitwa Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona mfupa mkubwa ajabu umetokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Kilima hicho kiko kaskazini-mashariki mwa Ruangwa, kusini mwa Mto Mbwemkuru, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Lindi. Mwaka 1907 Profesa Eberhard Fraas alifika na kuthibitisha kwamba ni mifupa ya dinosaria. Mwezi Aprili 1909 waliwasili Werner Janensch na Edwin Hennig kutoka makumbusho ya Berlin, na uchimbaji ukaendelea hadi mwaka 1913.

Tunaposema kwamba wao walichimba, tunasema nusu ya kweli. Walioshika majembe na sururu walikuwa watu wa Kusini, na wengi wao walikuwa Wamwera. Kazi ilipopamba moto idadi yao ilifika kama 500. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejifunza upesi kuutambua mfupa hata ukiwa umevunjika vipande vipande, kuusafisha na kuuandaa kwa safari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kweli kweli. Mifupa mirefu ilifungwa kwa mianzi na kupakwa plasta isije ikapasuka. Kisha ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne hivi, midogo ikiwa kichwani na mikubwa ikiwa imening'inizwa kwenye miti iliyobebwa mabegani. Hakukuwa na reli, wala gari, wala punda. Kwa njia hiyo zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa ziliondoka katika ardhi yetu, mzigo baada ya mzigo, na kupakiwa melini kwenda Ujerumani.

Ndugu msomaji, ukifika Berlin leo utamkuta mnyama huyo amesimama katika ukumbi wa makumbusho tangu mwaka 1937. Urefu wake kutoka sakafuni hadi utosini unazidi mita 13, na mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele una urefu unaozidi mita mbili. Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Wataalamu wengi wa sasa humwita Giraffatitan. Sisi huku tumezoea kumwita mjusi wa Tendaguru. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Majina mengi ya wanyama wa Tendaguru yalitolewa kwa heshima ya Wajerumani, na mmoja aliitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa vita. Kwa muda wa karibu karne moja hapakuwa na mnyama hata mmoja aliyebeba jina la mtu aliyemchimba.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Na mwaka 2019 wataalamu waliichunguza upya mifupa ya mkia iliyokuwa imelala makumbushoni tangu enzi ya Wajerumani, wakaona kuwa ni ya mnyama wa aina peke yake, wakamwita Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza ya jina hilo maana yake ni mkia wa Wamwera. Sehemu ya pili inamkumbuka Mohammadi Keranje, aliyeongoza kundi la wachimbaji waliouchimbua. Kwa hiyo mtoto wa Ruangwa anayesoma habari za dinosaria leo, akifungua ukurasa ulio sahihi, atalikuta jina la kabila lake katika orodha ya sayansi ya dunia nzima. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa hivyo shuleni?

Mifupa hiyo inatufundisha nini? Katika matabaka ya Tendaguru, mifupa ya wanyama wa nchi kavu inapishana na magamba ya chaza wa baharini. Maana yake bahari iliifunika nchi hii, ikarudi nyuma, ikaifunika tena. Aidha, mjusi wa Tendaguru ana ndugu yake wa karibu aliyechimbwa Marekani, katika jimbo la Colorado, na kutangazwa mwaka 1903. Wanyama wasioweza kuvuka bahari wanafananaje hivyo pande mbili za dunia? Jibu ni kwamba nchi kavu za dunia ziliwahi kushikamana, zikaachana polepole, na kila upande ukaendelea na wanyama wake.

Kilima chetu kilitoa pia mwanafunzi mashuhuri. Mwaka 1924 Waingereza walianza uchimbaji wao Tendaguru, na miongoni mwa waliokuja alikuwamo kijana wa miaka 20, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Kabete nchini Kenya, jina lake Louis Leakey. Kiongozi wa msafara ule, William Cutler, alifariki kwa malaria mwaka 1925. Leakey aliondoka na ujuzi wa uchimbaji alioupata hapa, akautumia maisha yake yote. Darwin alikuwa ameandika mwaka 1871 kwamba yaelekea mababu wa kale wa wanadamu waliishi Afrika, na wengi hawakutaka kusikia neno hilo. Tarehe 17 Julai 1959, Mary, mke wa Leakey, aliliona fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai, hapa hapa Tanzania. Ulikuwa mwaka wa 100 tangu kitabu cha Darwin kilipotoka.

Tulirudie sasa swali la vijana wetu: je, imani inaruhusu? Tujibu kwa historia. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo. Humo aliwaonya Wakristo kwamba wakisema ovyo juu ya nyota na wanyama mbele ya watu wanaoyajua mambo hayo, wanaiaibisha imani yenyewe. Gregor Mendel, aliyegundua kwa kupanda njegere jinsi tabia zinavyorithiwa, alikuwa mtawa Mwaugustino, baadaye abate, huko Brno; kazi yake iliyochapishwa mwaka 1866 ndiyo iliyoziba pengo ambalo Darwin hakuweza kuliziba. Mkatoliki Mwingereza St. George Mivart, mchunguzi wa viumbe, aliyakubali mageuko na kuandika juu yake mwaka 1871, huku akipinga kwamba uteuzi wa asili peke yake watosha. Mwaka 1876 Papa Pius wa IX alimpa shahada ya udaktari. Ni kweli kwamba Mivart alikufa mwaka 1900 akiwa amenyimwa sakramenti, lakini ugomvi wake na Kadinali wake ulihusu mambo mengine ya imani. Kitabu cha Darwin hakikuwahi kuwekwa katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na Kanisa.

Katika karne ya 20 Mapapa walisema wazi zaidi. Mwaka 1950, katika waraka wa Humani Generis, Papa Pius wa XII aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo wa II alitamka kwamba mageuko yamekuwa zaidi ya dhana tu. Papa Fransisko naye alisema mwaka 2014 kwamba mageuko hayapingani na uumbaji. Kwa hiyo, kijana wetu, soma bila hofu. Sayansi inaeleza jinsi viumbe walivyofikia hali waliyo nayo; kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwapo chochote, na kwa nini tupendane, hayo hayapimwi kwa mizani ya maabara.

Wala hatutaficha kwamba Darwin mwenyewe aliipoteza imani yake kidogo kidogo, na kifo cha binti yake Annie, mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 10, kilimvunja moyo sana. Hata hivyo aliendelea kuwa rafiki wa mchungaji wa kijiji chake cha Downe, John Innes, akamsaidia kutunza fedha za mfuko wa maskini wa parokia. Hawakukubaliana juu ya Mungu, lakini walikubaliana kwamba mjane apate makaa ya mawe wakati wa baridi. Kuna parokia nyingi zenye waamini watupu zisizofikia hapo.

Hatuna budi pia kukiri kwamba nadharia hii ilitumiwa vibaya. Wako waliodai kwamba mataifa yenye nguvu yameteuliwa na maumbile yawatawale wanyonge, na maneno hayo yalisaidia kuhalalisha ukoloni. Darwin aliuchukia utumwa tangu ujana wake, ingawa naye alitumia lugha ya dharau ya watu wa enzi yake alipowazungumzia wenyeji wa nchi za mbali. Lakini ushahidi umekuja kuwasuta wenye majivuno: binadamu wote ni wa shina moja, na shina hilo liliota Afrika. Paulo Mtume aliwaambia watu wa Athene jambo lililo karibu na hilo.

Huenda mtu akauliza: haya yote yamfaa nini mama wa Nachingwea mwenye mtoto mgonjwa? Yamfaa sana. Kwa miaka mingi tulitibu malaria kwa klorokwini, kisha dawa ikaacha kufanya kazi. Sababu yake ni uteuzi ule ule wa asili: vijidudu vichache vilivyoweza kustahimili dawa vilibaki, vikazaana, vikaenea. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini na kuchukua SP, na SP nayo ilipodhoofika ikaletwa dawa mseto ya ALu tangu mwisho wa mwaka 2006. Anayemeza nusu ya dozi na kuihifadhi nyingine kwa homa ijayo anavipa vijidudu nafasi ya kuchaguliwa. Anajihatarisha mwenyewe na kumhatarisha jirani yake.

Tena upo ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu anakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hiyo imedumu katika nchi zenye mbu kama yetu. Baba na mama wakiwa nayo wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kumpata mtoto anayeugua. Hapana aliyeloga. Ni nyumba ngapi zimevunjika, ni bibi wangapi wameitwa wachawi, kwa sababu mtoto analia kwa maumivu ya mifupa na hakuna aliyeieleza familia habari hii? Hapa, wapendwa, kutojua kunaua mara mbili: mtoto anakosa hospitali, na mzee asiye na hatia anakosa amani.

Nachingwea inao ushahidi mwingine wa hasara ya kutoisoma ardhi. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe uliozunguka nchi kwa muda wa majuma kama tisa tu, kisha wakaamua kulima karanga katika mamilioni ya ekari. Walileta matrekta, wakafyeka misitu, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kufika hapa. Udongo na mvua havikutii mipango ya London. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, na reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Darwin alitumia miaka minane kwa wanyama wadogo wa baharini wenye magamba; wale walitumia majuma tisa kwa nchi nzima. Haraka haraka haina baraka.

Hatusemi haya ili tuwalaumu waliokufa. Tunasema kwa sababu kitabu cha ardhi yetu bado kiko wazi. Mashariki ya Nachingwea, katika msitu wa Rondo, anaishi komba mdogo wa gramu kama 60, ambaye wataalamu walimtangaza kuwa aina ya peke yake katika miaka ya 1990, wakimtambua hasa kwa mlio wake. Anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na vipande hivyo vinapungua kwa shoka na moto. Babu zetu walikuwa wakiusikia mlio huo usiku karne nyingi kabla haujaandikwa. Aliyeuandika ni aliyekuja na daftari.

Tunawasihi basi wazazi: mtoto akiokota jiwe lenye umbo la chaza asikemewe, aulizwe amelitoa wapi. Tunawasihi walimu: mwongezeeni mwanafunzi majina ya Boheti na Keranje pale anapojifunza jina la Darwin. Nanyi vijana, someni hadi mwe ninyi mnaoandika. Kwani babu zenu waliibeba mifupa ile siku nne juani, na waliokwenda kuisoma walikuwa wengine. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi katika tafakari ya masomo ya Dominika.

Mwenyezi Mungu, aliyeumba vyote vinavyoonekana na visivyoonekana, awabariki.